F430 ya kuhifadhi: iliyolala na kilomita 5,000 au iliyotembea 45,000?

#1 GiaYaMkono (mleta uzi)

Salaam wakuu. Naweka hoja mezani, mwenye kuipinga aje na nondo.

Ukitafuta Ferrari F430 ya kuweka kwa miaka mingi, achana na ile inayotangazwa kuwa imetembea kilomita 5,000 tu tangu 2006. Chukua iliyofika 45,000 yenye karatasi za sevisi za kila mwaka bila pengo. Utatoa pesa kidogo kwa muuzaji, na kidogo tena karakana.

Kwa ambao hawaifuatilii: ilizinduliwa Paris mwaka 2004 kuchukua nafasi ya 360 Modena, ikaondoka 2009 ilipokuja 458 Italia. Injini ni V8 ya cc 4,308, nguvu farasi 490 kwenye mizunguko 8,500. Ndiyo Ferrari ya mwisho yenye V8 katikati ya gari kutoka kiwandani Maranello kupatikana na gia za mkono, kwa sababu 458 haikupewa kabisa. Hapo ndipo ilipotoka kwenye kundi la magari yaliyotumika na kuingia kwenye kundi la kuhifadhiwa.

Swali langu: kwa nini ile iliyolala ndiyo inayotoa bili kubwa mwaka wa kwanza? Maelezo yapo mengi na hayafanani.

#2 Fundi_Sharjah

Kwa sababu mpira unazeeka kwa miaka na joto, hata tairi lisipozunguka.

Gari la 2006 ambalo halijaguswa bado lina mabomba ya maji ya 2006, sili za 2006, na vishikizo vya injini na giaboksi vya 2006. Sili ikikaa bila kulowa oili mdomo wake hukakamaa. Siku injini inapopata moto wa kweli, oili inaanza kuonekana kwenye vifuniko vya kamshafti na kwenye kifuniko cha minyororo. Maji ya breki yanavuta unyevu hata gari likiwa limefunikwa turubai, ndiyo maana yanabadilishwa kila miaka miwili bila kuangalia kilomita.

Tairi: soma tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni. 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Saizi zake ni 225/35 ZR19 mbele na 285/35 ZR19 nyuma. Tairi la miaka kumi linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa ya kupigia picha, lakini mpira wake umekuwa mgumu na haushiki lami.

Huku Ghuba kuna la ziada. Ngozi ya dashibodi husinyaa na kuachana na plastiki, hasa juu ya mfuko wa hewa wa abiria. Hilo linatokana na jua la maegesho, kilomita hazihusiki. Kuvua dashibodi na kuifunika upya ni kazi ya siku kadhaa.

#3 Kokotoa

Mkuu #2, yote uliyoorodhesha yananunuliwa kwa pesa. Mtu akibadilisha mabomba, sili, tairi, maji ya breki na betri kwenye gari la kilomita 5,000, bado ana gari la kilomita 5,000. Mwenye 45,000 hata akimwaga pesa kiasi gani hawezi kuzipunguza. Uzi unahusu gari la kuhifadhi, na soko la magari ya kuhifadhi linalipia kitu kisichorudishika. Mleta uzi anachanganya gari zuri la kuendesha na gari zuri la kumiliki.

#4 MamaKarakana (Birmingham)

Mnabishana juu ya mabomba wakati kinachoua injini yenyewe hakijatajwa.

Kwanza tuelewane kuhusu minyororo. 360 ilikuwa na mikanda ya kamshafti inayobadilishwa kila baada ya miaka mitatu hivi, na mwenye gari alilazimika kulileta karakana apende asipende. F430 ina minyororo, na muda huo wa lazima ukafutika. Wenye magari wakaelewa kwamba injini haihitaji kitu, ndipo yakazaliwa yale mapengo ya miaka minne kwenye kitabu cha sevisi. Mapengo mengi yako kwenye magari yaliyolala, kwa hiyo kwenye swali la mleta uzi niko upande wake.

Sasa kinachoua: manifodi za ekzosi, yaani mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye injini. Kila upande una manifodi ya ngozi mbili za chuma, na kati yake kuna kizuia joto. Ngozi ya ndani inapasuka kwenye maungio ya kuchomelea. Kwa nje huoni kitu kwa sababu ngozi ya pili imeifunika. Vipande vya chuma na vya kile kizuia joto vinabaki vikizunguka ndani, na pale valvu za kuingiza na kutoa zinapokuwa wazi pamoja vinaweza kuvutwa kurudi kwenye silinda. Kuta za silinda zikishakwaruzwa hakuna sevisi ya kurudisha, hapo ni kufungua injini.

Gari likiwa na manifodi za kiwandani ambazo hazijawahi kuguswa, weka gharama ya kuzibadilisha zote mbili kwenye bei tangu siku ya kwanza.

#5 Kijana_wa_Tanga

Dada #4 shukrani. Sasa mnunuzi atajuaje kama zimepasuka ikiwa kwa nje hazionekani?

#6 MamaKarakana (Birmingham)

Gari lisiwashwe kabla hujafika, na hilo mwambie muuzaji mapema. Injini ikiwa baridi kabisa, washa na usikilize nyuma ya kila gurudumu la nyuma. Mlio wa tiki-tiki unaofuata mizunguko na kufifia baada ya dakika chache injini ikipata moto ni dalili ya ufa: chuma kinatanuka na kuuziba. Mlio usiofifia unaweza kuwa gasketi au bolti iliyokatika.

Halafu vua magurudumu ya nyuma na kinga za ndani za matao, umulike tochi. Tafuta masizi meusi kwenye maungio, rangi ya bluu au ya kahawia iliyojikusanya sehemu moja, na plastiki au nyaya zilizoungua jirani.

Baadaye chomoa plagi zote nane. Ingiza kamera nyembamba kila silinda, pistoni ikiwa chini, uangalie kuta. Mistari ya wima inayoshikwa na mwanga ni habari mbaya. Pima uvujaji wa kila silinda kwa hewa. Namba yoyote ya peke yake isikutishe sana, kinachotafutwa ni silinda moja iliyojitenga na nyenzake.

Na unganisha kompyuta ya uchunguzi usome historia ya hitilafu za kukosa moto kwa kila silinda. Mwenye gari akikataa kamera isiingizwe, rudi nyumbani.

#7 Mzee_wa_Oili

Nakubaliana na hatua zote za #6. Ila tuseme kwa nini zinapasuka, maana ndiko jibu la mleta uzi liliko.

Tatizo ni ule muundo wa ngozi mbili. Joto likikosa pa kutokea, ngozi ya ndani inatanuka kupita ya nje, na zote mbili zimechomelewa pamoja mwisho huu na mwisho ule. Lazima sehemu moja iachie. Ndiyo sababu manifodi za ngozi moja za chuma cha pua chenye unene zinazouzwa na watengenezaji wa pembeni zinadumu. Kilomita na kulala havina neno hapo.

#8 Fundi_Sharjah

Mzee #7, ingekuwa muundo peke yake basi zote zingepasuka kwa umri uleule. Zinatofautiana mno. Kinachozitofautisha ni idadi ya mara ambazo chuma kimetoka baridi kwenda moto na kurudi. Gari la barabara kuu linawashwa mara moja na kwenda kilomita 150. Gari la kulala linawashwa kila Ijumaa dakika tano, linapigwa resi wageni wasikie, linazimwa. Ukihesabu kuwashwa, lile la kilomita 5,000 linaweza kuwa limepata mizunguko ya joto mingi kuliko la 45,000, na yote ya ghafla.

Kwa hiyo kilomita chache zinaweza kuficha manifodi iliyochoka zaidi.

#9 Shokapu_Nne

Wakuu mmesahau vishikizo. Injini ikilalia vishikizo vilivyokufa, inacheza kila unapobonyeza na kuachia mafuta, na ekzosi nzima imening'inia nyuma. Uzito huo unashuka kwenye maungio ya manifodi. Mtu anafunga manifodi mpya juu ya vishikizo vya zamani, zinapasuka tena, halafu analaumu manifodi. Badilisheni vyote kwa pamoja, kazi ya kufungua ni ileile: chini ya gari, masufuria ya ekzosi ya nyuma (ya kupunguza mlio), ngao za joto. Na muwe na bolti na nati mpya tayari, za zamani hukatikia kwenye kichwa cha injini.

#10 Kokotoa

#8 na #9 mnakisia kwa ufasaha. Kuna njia ya tatu rahisi kuliko zenu: koili au plagi mbovu. Silinda ikikosa moto, petroli mbichi inaenda kuungulia ndani ya ekzosi, na hapo joto linapanda kupita lililokusudiwa. Dereva anaona taa ya injini inawaka na kuzima, anaendelea na safari. Baada ya wiki chache ungio limeachia. Kwenye hili gari la kutembea na la kulala ni sawa, tofauti ni mwenye gari kupuuza taa.

#11 MamaKarakana (Birmingham)

#10, hiyo inaeleza baadhi. Haielezi zinazopasuka bila hitilafu hata moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na zipo. Pia kuna anayedhani za miaka ya mwisho zilipona: hata za 2008 na 2009 zimeshafunguliwa zikiwa na nyufa, kwa hiyo mwaka wa gari usikupe usingizi.

Tahadhari kwa watakaobadilisha: vihisio vya oksijeni na vya joto la ekzosi virudishwe mahali pake sahihi. Ukiona maandishi ya SLOW DOWN yanamulika baada ya kazi hiyo, aidha katalitiki (kisafisha moshi cha ekzosi) inachemka kweli au kisanduku cha kupimia joto kimekufa. Usiendelee kuendesha ukijipa moyo kwamba ni kihisio. Na manifodi za zamani usizitupe! Gari la kuhifadhi linauzwa pamoja na vipuri vyake vya asili, hata vibovu, ndani ya sanduku lenye jina.

#12 Dereva_Muscat

Mimi hoja yangu ni gia. Mleta uzi kajiita GiaYaMkono, upendeleo tunaujua kabla hajafungua mdomo. Lakini bei ya gia za mkono sasa mara nyingi inakaribia mara mbili ya F1 (ile ya kubadilisha gia kwa padali nyuma ya usukani) ya hali ileile, na gari ni lilelile, injini ileile, tofauti ya kiufundi ni ndogo sana. F1 nzuri unaendesha kila wiki bila hofu ya kushusha thamani. Kwangu huko ndiko kumiliki.

#13 GiaYaMkono (mleta uzi)

Upendeleo naukiri wazi, mkuu. Ila tofauti siyo ndogo kwenye umiliki wa muda mrefu. F1 ni giaboksi ileile ya mkono iliyowekewa pampu ya umeme, tangi la shinikizo, valvu na kompyuta vya kubonyeza klachi na kusogeza gia. Kila kimoja kati ya hivyo kina umri wake. Gia za mkono zina fimbo, nyaya na mguu wako. Baada ya miaka 30 kipi kitapatikana kutengenezwa na fundi mwenye mikono mizuri na bila kompyuta maalumu?

#14 Fundi_Sharjah

Hapo niingie maana F1 ndiyo inayokuja kwa wingi.

Fungua mlango wa dereva, sikiliza. Pampu inatakiwa ivume sekunde chache kisha inyamaze, imejaza shinikizo. Halafu washa swichi bila kuwasha injini, acha gari gia huru, hesabu muda hadi pampu ivume tena. Ikirudi haraka haraka, shinikizo linavuja au lile tangi la shinikizo, lenye naitrojeni ndani, limechoka. Tangi ni rahisi. Kinachokula pampu ni rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima): pointi zinagandana, pampu inavuma bila kukoma hadi inaungua. Rilei ni kitu cha bei ndogo mno ukilinganisha na pampu, ibadilishwe kama kinga kila baada ya miaka michache. Ukisikia pampu haizimi, zima kila kitu na uchomoe rilei papo hapo.

Klachi: kompyuta inatoa asilimia ya uchakavu, na wauzaji wanaipiga picha na kuibandika kwenye tangazo. Hiyo asilimia inahesabiwa kutoka nafasi ya klachi ilipokuwa mpya. Fundi akibadilisha klachi asisajili nafasi mpya, au akasajili vibaya, namba yote haina maana. Ombeni karatasi ya kazi inayoonyesha klachi ilifungwa kwenye kilomita ngapi, halafu mlinganishe. Na pale kwenye beringi ya kuachia klachi sili zake huvuja. Ukiona mafuta ya haidroliki chini ya kengele ya giaboksi (gamba linalofunika klachi), giaboksi itabidi ishushwe.

Matumizi ndiyo hukumu ya klachi. Kurudi nyuma kwenye mwinuko wa gereji ya chini ya ardhi kunaila kuliko siku nzima ya barabara kuu. Dereva asiishikilie gari mlimani kwa kubonyeza mafuta, atumie breki.

#15 Kokotoa

Mleta uzi #13, umesahau hatari ya upande wako. Kwa sababu ya hiyo tofauti ya bei, F1 zinageuzwa kuwa za mkono. Kazi inaweza kuwa safi kabisa na gari likaendeshwa vizuri, lakini kwa mkusanyaji siyo gari lililotoka Maranello hivyo. Idara ya Classiche ya Ferrari, inayothibitisha uhalisi, inashughulikia magari yaliyotimiza miaka 20, na F430 za mwanzo zimeshavuka hapo. Wao wanaangalia gari lilivyoondoka kiwandani.

Mtu asinunue ya mkono bila karatasi ya mauzo ya kwanza inayotaja aina ya gia. Kisha angalia mwenyewe: mabano ya padali nyuma ya usukani, soketi ya kompyuta ya F1 iliyobaki bila kazi, alama za kitufe cha kurudi nyuma kwenye konsoli iliyo kati ya viti. Aliyegeuza na akasema wazi hana kosa. Bei ndiyo iseme hivyo.

#16 GiaYaMkono (mleta uzi)

Kweli kabisa, na naongeza: endesha ya mkono ikiwa baridi. Gia ya pili itakataa kidogo, hiyo ni kawaida ya hizi giaboksi hadi oili ipate moto. Ikiendelea kukwaruza baada ya dakika 20, singkronaiza ya pili (kifaa kinacholainisha kuingia kwa gia) imekwisha, mtu alikuwa akiilazimisha asubuhi.

#17 Bandarini_Dar

Wakuu, kwa tulio Tanzania na Kenya kuna swali kabla ya manifodi: litaingiaje?

Magari ya Ghuba na Marekani usukani uko kushoto, hayo yasahau. Usukani wa kulia tafuta Uingereza, Afrika Kusini au Australia. Tanzania haizuii gari kwa umri, lakini umri unalipiwa: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, ule wa uchakavu, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla ya hayo yote. Mnunuzi anayepiga hesabu kwa kujumlisha asilimia peke yake atapata namba ndogo kuliko ya TRA, kwa sababu VAT inakaa juu ya kodi zilizotangulia.

#18 Mombasa_V8

Kwa Kenya mlango umefungwa. Sharti la miaka minane linaondoa F430 zote. Hata ya 2009 muda wake ulikwisha 2016. Zilizomo nchini ndizo hizo hizo, mnunuzi atafute ambayo tayari ina usajili.

Na kwa sisi wa pwani, chesisi ni alumini. Bolti za chuma zikikutana na alumini kwenye hewa ya chumvi, unaona unga mweupe kwenye maungio na rangi inavimba kama malengelenge kwenye kingo za milango. Sakafu ya chini imefunikwa bamba, hivyo unyevu unakaa bila kuonekana. Mabamba yavuliwe mara moja kwa mwaka, paoshwe kwa maji baridi yasiyo na presha, pakauke kabisa ndiyo yarudi. Gari lililokaa Mombasa au Masaki bila kuvuliwa mabamba, kilomita zake chache hazinishawishi.

#19 Kijana_wa_Tanga

Vitufe vya ndani vinavyonata vinatokana na nini? Naona karibu kila tangazo la F430 linataja.

#20 Dereva_Muscat

Plastiki zilipakwa tabaka laini kama mpira. Joto na mafuta ya mikono vinaliyeyusha, linanata kama ulimbo. Njia mbili: kulifuta lote kwa pombe ya isopropili na kubaki na plastiki tupu, au kuvua vitufe na kuvipaka upya kwa mtaalamu. Ukifuta kwa nguvu maandishi yanaondoka nayo, kwa hiyo kwenye vitufe vyenye alama usijaribu mwenyewe. Mwenye kuuza akikuambia "vimeshafanyiwa", washa taa za usiku uone kama alama zinamulika sawasawa.

#21 Mzee_wa_Oili

Turudi kwenye kulala. Anayehifadhi ajue namna ya kuhifadhi. Oili ibadilishwe kabla ya kulaza, siyo baada, kwa sababu oili chafu ina asidi. Tairi zipandishwe shinikizo. Tangi lijae ili unyevu ukose nafasi. Betri iwe kwenye chaja ya kudumu, kwa sababu kengele na kompyuta za hili gari zinaimaliza ndani ya wiki chache. Ikifa, kifuniko cha mbele kinachofunguka kwa umeme hakifunguki, unatafuta waya wa dharura, na betri iko ndani huko huko.

Betri ikishachomolewa na kurudishwa, usiwashe na kuondoka. Weka swichi, subiri taa zijikague, washa, acha injini isinzie kama dakika kumi bila kugusa mafuta ili kompyuta ijifunze upya. Anayeruka hatua hii analalamika kwamba gari linazimika kwenye mataa.

Kupima oili: oili ya hili gari inakaa kwenye tangi lake pembeni ya injini (dry sump), kwa hiyo inapimwa injini ikiwa moto na ikiwa inasinzia. Ukipima baridi utaona kijiti kinasema haitoshi, utaongeza, utaijaza kupita kiasi, na oili itaingia kwenye njia ya hewa.

Na kila wiki mbili au tatu itoke ikatembee nusu saa.

#22 Fundi_Sharjah

Hilo la mwisho napinga, mzee wangu. Kwa mwenye nafasi ya nusu saa sawa. Wengi wanaishia dakika tano, unyevu wa moto unabaki kwenye oili na kwenye masufuria ya ekzosi bila kukauka. Kwa hao ni bora miezi minne bila kuwasha kuliko kuwasha kidogo kidogo.

#23 Mzee_wa_Oili

Miezi minne sili za klachi na tangi la F1 zinakauka, umesema mwenyewe #2. Chagua ugonjwa.

#24 Shokapu_Nne

Mnunuzi asisahau mbele. Bolijointi za mbele zinalegea: pandisha jeki, shika gurudumu juu na chini, litikise. Kuna shokapu zinazorekebishwa kwa umeme, zikivuja oili utaona vumbi limeganda kwenye mwili wake. Spider, ile ya paa linalofunguka, ina mfumo wa haidroliki wa paa. Marekani Spider za miaka ya mwanzo ziliitwa kurekebishwa bomba la haidroliki la paa kwa hatari ya mafuta kudondokea injini ya moto. Omba ushahidi kwamba kazi hiyo ilifanyika.

Breki za kaboni-seramiki: hazikwishi kama za chuma, kwa hiyo usiangalie ukingo. Tafuta sehemu zilizokwaruka hadi nyuzi zinaonekana, na kingo zilizobanjuka kwa sababu fundi aligonga diski kwa rimu wakati wa kuvua gurudumu. Mbanjuko mmoja mkubwa unafuta diski nzima.

#25 Kokotoa

Naona hoja ya #1 imegeuka. Mmethibitisha kwamba gari lisilotunzwa ni baya. La kilomita 5,000 lililotunzwa kila mwaka, likatembezwa, likabadilishwa mabomba, bado linashinda.

#26 GiaYaMkono (mleta uzi)

Likipatikana linashinda, sikatai. Ila niambie utajuaje kwamba ni 5,000 za kweli. Mita inarudishwa nyuma. Soma saa za injini kwenye kompyuta ugawanye kilomita kwa saa. Angalia mpira wa padali, ukingo wa kiti upande wa mlango, alama za mawe kwenye pua na kwenye kioo cha mbele. Kilomita 5,000 na pua iliyopakwa rangi upya haviendi pamoja bila maelezo.

#27 MamaKarakana (Birmingham)

Saa za injini nazo zitumieni kwa akili. Gari la London linalosimama kwenye foleni litakuwa na saa nyingi na kilomita chache bila mtu kuchezea mita. Na hapo #8 anapata nguvu: saa nyingi za kusimama maana yake joto jingi bila upepo wa kupooza ekzosi.

#28 Mzee_wa_Oili

Joto la foleni ni la taratibu, dada, halipasui ungio. Muundo ndiyo unaopasua.

#29 Shokapu_Nne

Vishikizo.

#30 Kijana_wa_Tanga

Shukrani wakuu, nimehifadhi uzi. Kuna ya 2007 ya mkono iliyotangazwa Uingereza, usukani wa kulia, maili 21,000, sevisi zote isipokuwa 2013 hadi 2015. Manifodi tangazo halisemi. Nianze na lipi?

#31 MamaKarakana (Birmingham)

Omba kwa maandishi ankara ya manifodi na karatasi ya mauzo ya kwanza inayotaja gia. Historia ya MOT (ukaguzi wa magari wa kila mwaka Uingereza) iko mtandaoni bure kwa namba ya gari, inaonyesha maili za kila mwaka. Soma hiyo miaka mitatu ya pengo kama namba ilisogea. Ikiwa maili zilisimama kabisa, gari lililala, uliza lililala wapi. Ikiwa zilisogea na hakuna sevisi, liliendeshwa kwa oili ya zamani, na hapo kamera ndani ya silinda ni lazima kabla ya kutaja bei yoyote.